Mzaha Mlangoni mwa Treni

Kwenye reli yetu ndogo huku Kyushu, kusini mwa Japani, kondakta hafungi milango kimyakimya. Ananyoosha kidole, anatazama kinakoelekea, anatamka kwa sauti: "Milango, sawa!" Wageni hutucheka. Mimi Morikage, mwalimu wa makondakta, ndiye huwaeleza wanafunzi sababu. Akili ni tochi, nawaambia. Ukimulika huku, kule giza. Kidole na sauti vinailazimisha itulie mahali pamoja. Na waliopima mambo haya wanasema neno likiingia sikioni wakati mbaya, jicho linabaki wazi lakini halioni.

Hayo nafundisha kila Jumatatu. Alhamisi nikapanda treni na Tsubouchi, binti aliyebakiza wiki moja tu apate cheti.

Tulisimama stesheni. Tsubouchi akabonyeza milango ifungwe, akanyoosha kidole. Hapo nikamwona mkuu wa stesheni akikimbiza kofia yake iliyochukuliwa na upepo. Mdomo wangu ukashindwa kutulia.

"We Tsubouchi," nikamnong'oneza, "hebu ona upara unavyomkimbiza mwenyewe!"

Akabana kicheko. "Milango, sawa!"

Haikuwa sawa. Bibi mmoja alikuwa ameshuka, mkanda wa mkoba wake umebanwa mlangoni. Treni ikamburuta hatua tatu, ndipo Tsubouchi akavuta breki ya dharura. Bibi akachubuka magoti, na mayai yote aliyobeba mkobani yakavunjika.

Kesho yake tukaitwa kikaoni. Tsubouchi akasimama akasoma maelezo yake: "Nilizembea. Nilikuwa nautazama mlango lakini sikuona." Basi. Mimi sikuwemo hata kwa herufi moja.

Bosi wetu, Bwana Inokuma, akanigeukia. "Mwalimu, ulikuwa pembeni yake. Una la kuongeza?"

"Hapana," nikasema. Lilitoka jepesi, kama mtu anayekataa chai.

"Basi cheti hapati. Atarudishwa kukata tiketi."

Tsubouchi akanigeukia, akainama mpaka kiunoni. "Mwalimu, nisamehe kwa kukuaibisha."

Masikio yakaniwaka moto. Nilisimama vibaya, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Nilimsemesha," nikasema. "Kidole kiko hewani, mimi namtania habari za upara."

"Upara wa nani?"

Mkuu wa stesheni, aliyeketi kando ya dirisha, akajipapasa kichwa taratibu. Hakuna aliyecheka. Na mimi, mzee wa mizaha, nilitamani sakafu inimeze.

"Na ile hapana ya sasa hivi?" Inokuma akauliza.

"Niliogopa, bosi."

Akavuta karatasi ya kikao. Kisha akaandika. "Tsubouchi ataendelea na mafunzo. Ila anahitaji wa kumsimamia."

"Nipo mimi," nikadakia. "Safari hii nitafunga mdomo."

"Naomba mwalimu mwingine," Tsubouchi akasema. Kwa upole kabisa, macho yake mezani.

"Sawa," akajibu Inokuma.

Nikainama mbele ya yule binti, na sikuthubutu kuinuka mpaka niliposikia mlango umefungwa nyuma yake.