Pumzi Kabla ya Mngurumo

"Rudisha nyuma kidogo," Radi alinong'ona. "Hapo, kabla sijaanza kunguruma."

Fundi wa studio akarudisha, kwa uso wa mtu aliyechoka kuhojiwa. Ulikuwa wimbo wa tano wa albamu ya pili ya bendi yao ya deth metal, muziki wa kunguruma. Ngoma zilikimbizana, magitaa yalisaga, na juu ya yote ilipanda sauti iliyosemwa ni ya Radi, nzito kama kabati linaloburutwa sakafuni. Mshona viatu wa jirani husema nyimbo zao zote ni kelele moja. Hana masikio ya kazi hiyo.

Radi machale yalikuwa yamemcheza. Koo lilipovimba aliwaambia wenzake ni mafua tu, akapumzika nyumbani. Aliporudi, alikuta nyimbo alizoziacha nusu zimekamilika. "Ulizimaliza mwenyewe, umesahau," fundi alimwambia. Mtu atasahauje kazi ya koo lake? Wameleta mwimbaji mwingine, aliwaza, na nafasi yangu imekwenda. Bila bendi, angebaki mtu wa kupaka rangi nyumba tu, mwenye koo bovu.

"Zima ala zote. Niachie sauti."

Fundi akamtupia jicho mpiga besi, dada mdogo wa Radi, aliyekuwa akifuta nyuzi zilizokwisha kung'aa zamani.

"Mbona unamwangalia yeye? Zima bwana."

Ala zikanyamaza. Ikabaki pumzi, ikavutwa kwa pua, ikakwama katikati, ikamalizika. Halafu mngurumo. Radi hakuusikiliza mngurumo. Pumzi ile alilala nayo kitanda kimoja utoto mzima, akiitegea sikio kila pumu ilipombana mdogo wake.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Nilimsikia daktari akikukataza kuimba, kaka. Mafua gani yale? Ungerudi hapa ujilazimishe, upasue koo kabisa."

"Ndiyo mkanizunguka."

"Tulikuzunguka, ndiyo."

Fundi akajikuna shingo. "Basi nifute sauti yake? Utaimba mwenyewe?"

Radi alifungua mdomo amjibu kwa mngurumo. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, ukatoka mkwaruzo tu, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Dada yake akainamisha kichwa.

Radi akanyoosha mkono kwenye mitambo, akakishika kitufe cha kupandisha sauti ya mdogo wake. Akakisogeza juu kidogo. Akasikiliza, halafu akakisogeza tena.