Ndege Haiji, Ni Lopati

Kwetu kisiwani Funafuti mtu mzima hakimbii. Ukimwona anakimbia, ndege inakuja.

Uwanja wa ndege ndiyo nafasi pekee pana tuliyo nayo, kwa hiyo ndege isipokuwepo uwanja ni wetu. Vijana wanacheza mpira, wazee wanatandika mikeka wapigwe upepo, mbwa wanajilaza katikati ya lami kama wamelipia. King'ora kikilia, watu wa zimamoto wanakimbia kufukuza mbwa na watoto, na kila mtu anakunja mkeka wake. Basi jioni ile nilipoanza kukimbia, nusu ya kisiwa ikasimama.

"Leo si siku ya ndege," alisema shangazi Melali, mkeka tayari kwapani.

"Hakuna ndege, shangazi. Ni mimi tu."

"Sasa unafukuzwa na nani?"

"Na sukari."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka tumboni, akabaki hapo tumboni. "Mbona bado iko mbele yako."

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu ng'ambo, Suva, bila digrii. Digrii sikuimaliza, ila tambi za pakiti za Suva nilizimaliza zote. Nafasi ya kusomea ubaharia nilikuwa nimeipata, kilichobaki ni kupimwa afya. Nesi Silafaga akanitoboa kidole, akanifunga mkono kupima presha.

"Lopati, uko mpakani."

"Mpaka wa nini?"

"Wa baba yako."

Baba yangu, Falesene, alikuwa baharia. Alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa ajili ya sukari akiwa na miaka arobaini na tisa, na tangu siku hiyo hakutoka barazani. Mwaka wa pili huo, watu wanapita wanamsalimia, yeye anajibu akitazama bahari.

"Lakini mimi kijana," nikamwambia Silafaga.

"Na yeye alikuwa kijana, nilisoma naye. Sikiliza. Sasa hivi mwili wako bado unakusikiliza. Subiri ufike arobaini, utaubembeleza na utakununia. Punguza wali, nyama ya kopo, soda. Rudi kwenye samaki na magimbi yetu ya pulaka. Na ukimbie. Nakupima tena baada ya wiki kumi. Ukishindwa, nafasi yako anapewa mwingine."

Nilipomweleza baba, alicheka. "Sukari ni ugonjwa wa wazee."

"Wazee wanatoka wapi, baba? Wanashushwa na ndege?"

Akageukia bahari, na mimi sikuomba radhi. Mpaka leo nasema hivyo hivyo: mzee anaanza kutengenezwa akiwa na miaka ishirini na tatu, na anayemtengeneza ni yeye mwenyewe, kwa kijiko.

Kukimbia kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kula. Kwetu ukikataa chakula umemtukana aliyepika, na shangazi Melali hupika kama vile kesho kuna vita. Wali mlima, nyama ya kopo juu yake inang'aa mafuta, chai nzito ya maziwa ya kopo na sukari vijiko vinne. Nikisema nimeshiba, anaweka mkono kwenye paji la uso wangu. Nikila samaki na pulaka ya shimoni peke yake, anauliza nani kanifia. Sasa mimi kwa ujanja sijambo. Nikawa napokea sahani kwa mikono miwili, nashukuru, natoka nayo nje kama mtu anayetafuta upepo, namwaga kwa nguruwe wetu. Mwezi mmoja baadaye kila kilo niliyopunguza mimi alikuwa nayo yeye.

"Nguruwe huyu ana baraka," shangazi alisema.

"Anapenda upishi wako, shangazi."

Tatizo likawa Mzee Teagai, mkubwa wa baraza la wazee. Mara tatu aliniona nakimbia, mara tatu alikunja mkeka. Mara ya tatu alikuwa kwenye karata, tena anashinda, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu Krismasi. Aliponyanyuka, upepo ukazibeba karata zote mpaka kwenye mabanda ya nguruwe.

Tukaitwa kwenye maneapa, jumba letu la mikutano. Wazee hukaa kwenye nguzo, sisi vijana mlangoni, na mlangoni hakusemwi kitu.

"Watu hawapumziki," alisema Mzee Teagai. "Kijana anakimbia, tunaamka. Tunakaa, anarudi, tunaamka. Kuanzia leo kijana yeyote asikimbie uwanjani kama hakuna ndege. Akikamatwa, faini nguruwe mmoja."

Akameza mate. Nguruwe wangu alikuwa anajulikana kisiwa kizima.

Nikasimama. Uatea, rafiki yangu, alinivuta shati mpaka kifungo kikatoka.

"Wazee, nisameheni," nikasema. "Nikimbilie wapi? Huku bahari, huku bahari, katikati pikipiki. Mnataka nikae. Sawa, nitakaa. Ila siku nitakayokatwa mguu, asije mtu hapa kunililia."

Jumba lote likageuka kumtazama baba. Siku hiyo tulikuwa tumembeba kumleta, maana mkutano ulimhusu mwanawe. Baba akatazama mkeka.

Nyumbani aliiacha chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Nimesema ukweli."

"Ukweli nao huvikwa nguo." Akasukuma kikombe. "Teagai alisemaje, neno kwa neno?"

"Kijana yeyote asikimbie."

"Kijana. Hakusema mzee."

"Baba, wewe utakimbiaje?"

"Wewe si ulikuwa chuo kikuu? Walikufundisha nini huko? Mzee akimwamuru kijana, kijana anaweza kukataa?"

"Hawezi."

"Kesho jioni nataka upepo. Na nautaka haraka."

Jioni ya kesho yake nikamtoa barazani. Kilo mia moja na kumi na mbili, kiti cha magurudumu cha kuazima kutoka zahanati. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Vidole vyake vilishika kiti kama anavuka dhoruba. Tulipoingia kwenye lami, watu wakanyanyua vichwa.

"Nenda," akasema chini chini. "Kabla sijabadili mawazo."

Nikaenda. Hatua mia moja tu, mapafu yanawaka moto. Mzee Teagai akasimama njiani, mkono juu.

"Lopati, baraza lilisema nini?"

"Anayekwenda ni mimi, Teagai," baba akajibu. "Yeye ananisukuma tu. Au siku hizi mzee anapangiwa mwendo?"

Mzee Teagai akatafuta mila ya kumpinga nayo, hakuipata. Akasogea.

"Ongeza," baba akaniambia. "Marehemu mama yako na mimba yako alikuwa anatembea haraka kuliko hivi."

Wiki iliyofuata Uatea alimtoa bibi yake kwenye toroli la kubebea saruji, kaketi juu ya mto, mwavuli mkononi, anamtukana kila akigonga jiwe. Baada yake wakaja wengine. Baraza halikuweza kumtoza mtu faini, maana kila mzee aliyesukumwa alikuwa ametoa amri, na wengi walinogewa.

Kuhusu chakula sikumhubiria baba. Nilimwambia mara moja tu: "Kila kopo unalokula wewe, nalisukuma mimi." Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akamwambia shangazi amwekee samaki.

Wiki ya tisa, siku isiyo ya ndege, tulikuwa mwisho wa kaskazini, kwenye mabanda. Upepo ulikuwa mkali wa magharibi. Baba akainua kichwa.

"Unasikia?"

King'ora. Kilikuja vipande vipande, nusu kinachukuliwa na bahari. Ndege ya dharura, tulikuja kujua baadaye, ilikuja kumchukua mgonjwa. Nikageuza kiti nikaanza kukimbia. Shangazi Melali, mita kama hamsini mbele yetu, alinyanyua kichwa, akaniona, akalala tena.

"Ndege haiji," tulipomkaribia nikamsikia akimwambia jirani, "ni Lopati."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Wiki tisa nilikuwa nimewafundisha watu wote hawa kwamba mtu anayekimbia hana maana yoyote.

"Amkeni, ndege," nikapaza sauti. Mtu akacheka. Mizaha yangu wanaijua.

Baba akavuta pumzi, akatoa sauti ile ya baharia ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mdogo. "Mimi Falesene nasema ndege. Melali, ondoa makalio yako kwenye lami."

Shangazi akaruka. Tukaenda hivyo uwanja mzima, karibu kilomita moja na nusu, yeye anaita watu kwa majina, mimi nasukuma, mikeka inakunjwa pande zote mbili. Gari la zimamoto lilitukuta karibu na mwisho. Ndege ilizunguka mara moja juu ya bahari, ikatua. Sikuwa nimesimama hata mara moja. Nilikuwa nahema, lakini naweza kusema. Miezi miwili kabla ya hapo ningekuwa mimi ndiye mgonjwa wa ndege hiyo.

Mzee Teagai alikuwa pembeni, karata zote mkononi, hakupoteza hata moja.

"Mmetuzoesha vibaya," akasema.

"Kesho saa hizi hizi," baba akamjibu. "Ukitaka kusukumwa, tafuta mjukuu."

Wiki ya kumi Silafaga alinitoboa kidole, akasoma, akasoma tena, akaandika jina langu upande wa wanaokwenda kusomea ubaharia. Baba, aliyekuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake, akanyoosha kidole chake bila kuitwa. Kipimo chake bado kilikuwa kibaya. Ila nafuu kuliko zamani, Silafaga alisema, na baba akamwambia asimbembeleze, aandike tarehe ya kurudi.

Kuniaga walimchinja yule nguruwe. Maneapa ilijaa. Shangazi Melali akanijazia sahani, mafuta yanatiririka, akasimama mbele yangu mikono kiunoni. Nikachukua kipande kimoja, na pulaka, nikamrudishia sahani mbele ya wazee wote.

"Unaumwa?" akauliza.

"Siumwi, shangazi. Na sitaki kuumwa. Mafuta haya nilishayabeba mimi mwenyewe mpaka bandani, sahani kwa sahani, yanatosha."

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akageuka taratibu kumtazama yule nguruwe mezani, kilo zake zote, na akaanza kutafuta kwa macho kitu cha kunipiga nacho. Nikatoka mlangoni mbio, na hakuna aliyekunja mkeka.