Uzio Usioonekana wa Mzee wa Posta

Mzee wa Posta hakuwa na shahada. Hakuwa na gari, hakuwa na meno mawili ya mbele, na tangu astaafu kazi ya kupeleka barua hakuwa na mtu wa kumwamkia kwa cheo. Yote hayo aliyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni kukosa uzio.

Kamati ya mtaa ilikuwa imepiga marufuku kuta, seng'enge na michongoma, ili wageni wa Mwenyekiti wapite wakiona nyasi tupu na kuzisifu. Kamati hiyo hiyo iliamua kwamba mbwa atakayeonekana tena nje ya kiwanja chake atachukuliwa, wala hatarudi. Na mbwa wa Mzee wa Posta alikuwa ameshaonekana, tena akiwa na soksi ya Mwenyekiti mdomoni.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa mkewe, aliyezoea kumwita Mama. Mama alitoka naye kwao alipokwenda kusalimia, mbwa angali mdogo wa kulala kikapuni. Kwa kuwa alikuja kutoka ukweni, akala bila kukaribishwa na kukalia kiti kizuri, mzee alimwita Shemeji. Mama alitoa kauli yake mapema: siku Shemeji atakapochukuliwa, yeye naye atafunga virago aende kwa dada yake.

Basi mzee akanunua uzio usioonekana. Ndani ya boksi mlikuwa na waya wa kufukia ardhini, mkanda wa kumvisha mbwa shingoni, na vibendera vyeupe vya kuchomeka juu ya waya. Mbwa akiusogelea waya, mkanda humfinya kwa umeme kidogo. Akishaujua mpaka wake, vibendera hung'olewa. Binti yao, ambaye ni fundi umeme, alijitolea kuja kuufunga. Mzee alikataa. Alisema mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, akitoka vibaruani jioni kabla hajaajiriwa posta, hawezi kushindwa na kijitabu chembamba namna ile.

Na kweli hakushindwa. Shemeji alifinywa, akalia, akajifunza. Ikawa akiona kibendera hufyata mkia na kurudi nyuma kama mtoro aliyemwona mwalimu. Majirani walikuja kutazama. Mzee aliwatembeza mpakani, mikono nyuma, akiwaeleza mambo ya umeme ambayo hata umeme wenyewe ungeshangaa kuyasikia.

Alipong'oa vibendera aliona udongo umekaa vibaya. Hakuwa mtu wa kuacha kazi nusunusu. Akachukua jembe akausawazisha, na kwa jembe lile lile akaukata waya vipande vipande. Kesho yake, siku moja kabla Mwenyekiti hajaja kukagua mbwa na viwanja, Shemeji alivuka mpaka taratibu, akatembelea majirani, akarudi na kandambili.

Binti alipopigiwa simu alicheka mpaka akapaliwa, kisha akasema waya mwingine utapatikana wiki ijayo. Mama hakucheka. Aliteremsha begi kutoka juu ya kabati.

Mwenyekiti alikuja na gari lake, lenye bendera nyeupe ya kamati kwenye boneti. Bendera hiyo aliishonesha mwenyewe, kamati ikaiona ikiwa tayari inapepea. Aliegesha ukingoni mwa nyasi, akashuka. Shemeji akachomoka kibarazani mbio, moja kwa moja kuzifuata soksi alizozifahamu. Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua, mbwa alikuwa ameganda mbele ya gari. Aliitazama bendera, akafyata mkia, akarudi kinyumenyume hadi kibarazani.

Mwenyekiti alitabasamu. Tangu achaguliwe, hakuna kiumbe aliyewahi kuondoka mbele yake kwa adabu ile.

"Mzee wangu," akasema, "mbwa huyu kanijua mimi ni nani."

"Kakujua, Mheshimiwa."

"Wapo watu wazima mtaani humu hawajafika hapo. Niandikie barua unithibitishie. Nitaisoma mkutanoni, na mbwa atabaki."

Hapo mzee akanasa. Miaka yote alibeba barua za watu, na huenda nyingi zilijaa uongo, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na sahihi yake. Alikaa mezani mpaka chai ikapoa. Mwishowe akamwambia mkewe kwamba hawezi kuandika kuwa uzio unafanya kazi.

"Baba, nani kakuuliza habari za uzio?" mkewe akasema. "Andika ulichokiona. Ukishindwa nipe kalamu, au nipe nauli."

Akaandika: "Mheshimiwa Mwenyekiti, nathibitisha kwamba mbwa wetu akiiona bendera yako hathubutu kusogea mbele hata hatua moja. Naomba bendera hiyo isishushwe kamwe."

Aliisoma tena akiutafuta uongo, asiuone. Mama akalipandisha begi juu ya kabati. Mzee alimfungia Shemeji jikoni, akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, kisha akaenda mwenyewe kuitumbukiza kwenye sanduku la barua la Mwenyekiti.