Simu Aliyoiacha Kajiado

Simu iliita wakati wa mapumziko ya saa nne, Naserian akiwa bado na vumbi la chaki vidoleni. Namba ilikuwa ngeni. Aliipokea akidhani ni mzazi wa mwanafunzi.

"Sopa, mwalimu," mwanamume alimsalimia kwa Kimaasai, taratibu kabisa, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

"Epa."

"Kakenya bado analala karibu na dirisha?"

Naserian aliibana simu sikioni. Walimu wenzake walikuwa wakicheka juu ya jambo fulani kwenye meza ya chai.

"Huko Kitengela kuna baridi," ile sauti iliendelea. "Mwambie afunge." Kisha simu ikakatika.

Alikaa kwenye kiti cha karibu. Aliijua ile sauti. Ilikuwa ya Parsaoti, baba yake Kakenya.

Huo ulikuwa mwaka wa 2007. Naserian alikuwa amemfundisha Kakenya huko Bisil kabla ya kuhamishiwa Kitengela. Mtoto alipofika darasa la saba, Parsaoti aliamua kumwoza kwa mzee mwenye wake wawili. Tabitha, mama mmoja wa kanisa hapo Bisil, alimtorosha na kumpeleka kwa mwalimu wake wa zamani akae huko mpaka nafasi ipatikane katika shule ya bweni inayopokea wasichana kama yeye. Walioijua siri hiyo walikuwa Tabitha, Naserian, na jirani yake Nelima, aliyetoka Webuye na kufanya kazi katika kiwanda cha nguo Athi River. Nelima akiwa zamu ya usiku, ndiye aliyeshinda na mtoto mchana.

Jioni hiyo Naserian alipigilia dirisha misumari. Alitundika blanketi juu ya pazia. Kakenya alimtazama bila kuuliza, magoti ameyakumbatia kitandani, na ule ukimya wake ulimtisha Naserian kuliko kilio. Kila mtu aliyepita nje alikuwa Parsaoti. Mwuza maziwa alipogonga, Naserian alimficha mtoto nyuma ya kabati.

Nani alisema? Alilipindua swali hilo mpaka likabaki na jibu moja tu. Asubuhi alimkuta Nelima kwenye kamba ya nguo.

"Mama Melvin, umeongea na nani kuhusu mtoto?"

"Kuongea aje?"

"Baba yake amenipigia. Anajua mpaka mahali kitanda kiko. Tabitha alimleta akaishia getini, hajawahi kuingia hii nyumba. Ni wewe peke yako unaingia."

Nelima aliiweka chini beseni ya nguo. "Mwalimu, mimi niko na wasichana wawili. Unafikiri naweza kuuza mtoto wa mtu?"

"Nakuuliza tu."

"Hapana. Hujaniuliza. Umeniambia." Akaokota beseni yake akaingia ndani, nusu ya nguo zikiwa bado hazijaanikwa.

Parsaoti alipiga tena Jumamosi asubuhi. Safari hii hakusalimia.

"'Leo amelia mara ya kwanza tangu afike. Nafikiri ni dalili nzuri.' Si ni maneno yako hayo, mwalimu? Mtoto wangu akilia, wewe unafurahi?"

Naserian aliisogeza simu mbali na sikio. Maneno hayo hakuwa amemwambia Nelima. Hakuwa ameyatamka kwa mdomo wake kabisa. Alikuwa ameyaandika, meseji moja, kwa Tabitha.

Alimpigia Tabitha.

"Hiyo meseji nilifuta papo hapo," Tabitha alisema. "Simu hii watu wote wa nyumba wanashika, dada. Mimi siachi kitu ndani."

"Basi ameitoa wapi?"

"Sijui. Labda kwako."

Kwake! Naserian aliiangalia simu iliyokuwa mkononi, ile ya rangi, yenye kamera, ambayo alikuwa ameitamani mwaka mzima. Aliinunua Kajiado, wiki chache baada ya mtoto kufika, katika duka moja karibu na stendi, wakakubaliana aache ile ya zamani na kuongeza pesa kidogo. Alichomoa laini yake kwa uangalifu, akaitia kwenye simu mpya, akatoka dukani anatabasamu. Aliamini kwamba kila kilicho chake kilikuwa kwenye laini.

Alimwachia Kakenya ufunguo, akamwambia asimfungulie mtu, akapanda gari la Namanga linalopita Kajiado. Njia nzima alijiambia kwamba amekosea, kwamba hakuna mtu anayeweza kuuziwa maneno ya mwenzake dukani kama sukari.

Mwenye duka, kijana mpole aitwaye Lazarus, aliikumbuka ile simu.

"Ilienda kitambo, madam. Ilichukuliwa na jamaa wa Bisil, siku ya soko la ng'ombe."

"Na meseji zangu?"

"Zile za kwenye laini ulienda nazo. Zile za kwenye simu zinabaki kwa simu."

"Hukuzifuta?"

"Hukuniambia nifute." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akifungua kifuniko cha simu nyingine wakati huohuo. "Watu huwa hawaulizi. Wanauliza kama iko na redio."

Naserian alishika ukingo wa meza. Mnunuzi alikuwa ameliona jina la Kakenya, akampelekea baba yake zile meseji. Sasa alianza kukumbuka mengine aliyoyaandika. Kitanda kilicho karibu na dirisha. Jina la shule yake. Siku ambazo Nelima huwa kazini. Na ile meseji ndefu aliyomwelekeza Tabitha namna ya kumleta mtoto: mshuke wapi, mpite nyuma ya posho mill ya kusaga unga, mtafute geti la kijani.

Siku zote hizo Parsaoti alijua njia. Alikuwa anamchezea tu.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa karibu na ile nyumba. Naserian alipiga, simu ikaita hadi mwisho. Akapiga tena.

"Nini?" Nelima alisema.

"Mama Melvin, wanakuja. Nilikukosea, ilikuwa simu yangu. Mtoe mtoto. Tafadhali. Usiniambie unampeleka wapi."

Simu ikakatwa.

Alipofika Kitengela jua lilikuwa linaelekea kushuka. Wanaume wawili walikuwa wamesimama mbele ya geti la kijani. Parsaoti aliegemea fimbo yake. Mwenzake, mzee wa tumbo kubwa, bila shaka yule mnunuzi wa Bisil, alikuwa na ile simu ya zamani mkononi, na Naserian aliitambua kwa ufa wa kioo.

"Nimefuata mtoto wangu," Parsaoti alisema.

"Hayuko."

"Nitaingia nione."

"Ingia." Naserian alisogea kando ya geti. Hakujua kama Nelima alikuwa ameitikia ombi lake au amemwachia msalaba wake. Alisimama uani akisikiliza milango ikifunguliwa, kabati likivutwa, kitanda kikiburuzwa. Alikuwa akingojea sauti ya mtoto.

Parsaoti alitoka peke yake.

"Yuko wapi?"

"Sijui," Naserian alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alishukuru kutojua.

Nelima alikuwa amemwita Kakenya mlangoni mpaka akafungua, kisha akampeleka kwa afisa wa watoto, akakaa naye nje ya ofisi mpaka afisa alipoitwa kutoka nyumbani. Wiki iliyofuata msichana alipelekwa shule ya bweni, na Parsaoti akaonywa mbele ya chifu asimguse. Kakenya alimaliza darasa la nane huko.

Naserian alihama nyumba hiyo. Aliendelea kutumia simu, maana kazi haikumruhusu kuishi bila simu, lakini hakuuza tena hata moja. Zilipoharibika alizivunja kwa jiwe. Kabla ya kununua nyingine aliwauliza wauzaji maswali mpaka wakachoka naye: hiki kinahifadhiwa wapi, nikifuta kinafutika kweli, nani mwingine anaweza kukiona.

Yeye na Nelima walikutana mara kwa mara sokoni. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto. Lakini Naserian alipomkaribisha chai, Nelima alisema ana haraka, na kila mara alikuwa na haraka.