Wateja Kumi na Mmoja Waliohama

Kazini walimwita Bi Kwa Nini, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Kazi yake ilikuwa kuwapigia simu wateja waliositisha kuletewa maji ya kunywa, kuwauliza sababu na kuiandika: bei, kucheleweshewa, kuhama. Mwezi ule kumi na mmoja walijitoa kutoka jengo moja la ghorofa nne, na wote walimjibu neno moja: tumehama.

“Wote?” meneja aliuliza. “Jengo limeota miguu?”

Bi Kwa Nini akaenda kujionea. Mapazia yalikuwa madirishani, nguo zimeanikwa. Ghorofa ya nne alifunguliwa mlango na fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kwenye simu.

“Naona hukufika mbali, dada,” Bi Kwa Nini alisema.

Fundi aliona haya. Akamkaribisha, akaondoa vitambaa kitini.

“Tulikubaliana wenyewe humu,” alisema mwishowe. “Yule mzee wenu wa maji, goti limemwisha. Akifika huku juu anashika ukuta, anahema, jasho jembamba linamtoka. Nikamwambia, baba, niachie dumu chini nitalifuata. Akakataa katakata, eti kazi ni kazi. Sasa nikiwaambia nyinyi, mtamfukuza. Nikinyamaza, ataanguka ngazini. Tukaona heri tuhame.”

“Na maji mnapata wapi?”

“Tunachemsha ya bomba.”

Bi Kwa Nini alishuka akizihesabu ngazi. Zilikuwa sabini na mbili, naye hakubeba ila mkoba.

Alimkuta mzee ghalani, amekalia kreti, analikanda goti. Miaka yote walikuwa wakiishia kwenye salamu tu.

“Shikamoo, baba. Natoka kwa wale wateja wako waliohama.”

“Marahaba, mwanangu.” Aliacha kukanda. “Yule fundi nilimwona dirishani juzi. Nikapita kama sikumwona. Mtu akikuchoka, usimlazimishe akuambie.”

“Hawakukuchoka. Walilionea huruma goti lako, wakaogopa kulisema usije ukaachishwa kazi.”

Mzee alijifuta macho kwa kiganja, akalalamika kwamba vumbi la ghala limezidi.

“Ungetuambia mapema, baba.”

“Mbeba maji akishasema goti linauma, mwanangu, amebaki nani?”

Kwenye fomu, mahali pa sababu, Bi Kwa Nini aliandika: ngazi. Meneja akamwita amweleze, naye akaeleza yote, akihofia asije akawa amemchongea mzee wa watu. Meneja alikuna kichwa, akauliza ni nani mwenye zamu ya mtaa wa nyumba za chini. Kesho yake zamu zilibadilishwa: mzee akapewa mtaa ule usio na ngazi, mwenzake akachukua jengo.

Tisa walirudi. Wawili walisema wameshazoea kuchemsha, na Bi Kwa Nini hakuwasumbua tena.

Siku yake ya mapumziko, mzee alilipanda lile jengo mikono mitupu, akipumzika kila ghorofa, akagonga milango yote kumi na mmoja kuwajulia hali. Ilimchukua mchana kutwa, maana kila nyumba ilimtolea kiti.