Mikorosho ya Bibi Mwanaima

Baba mdogo Rahimu alishamwambia Hafidha tangu nyumbani Nandagala: habari za mikorosho ziache huku huku. Sema ulijitolea zahanati. Nani atafuatilia? Wenzako wanakuja na habari za wodini, wewe na mikorosho! Utachekwa, mwanangu.

Hafidha akaingia ukumbini, Ruangwa mjini, akiutaka ule ufadhili wa kusomea udaktari kuliko kitu chochote. Bila huo, chuo angekisikia redioni tu. Na bado, alipoulizwa amefanya nini tangu amalize kidato cha sita, akajibu, "Nilisaidia utafiti wa mikorosho, Naipingo, kule Nachingwea."

Dokta Josephina, aliyeongoza usaili, akavua miwani. "Binti, sisi tunatafuta madaktari. Mkorosho una presha?"

Wenzake wa jopo wakacheka. Hafidha damu ikamchemka. Ati mkorosho una presha!

"Hauna, Dokta. Mwenye mkorosho ndiye anayo."

Kicheko kikakatika. Basi akaona aseme yote, liwalo na liwe.

Walikuwa wakijaribu dawa mpya ya ubwiriunga, ule ugonjwa unaopaka maua ya mikorosho unga mweupe mpaka yakauke. Safu moja inapuliziwa, nyingine inaachwa hivi hivi, ili walinganishe. Msimu ukaisha, safu zote zimezaa sawasawa. Bosi wake akasema dawa haifai kitu. Hafidha hakuridhika. Akarudi kwa mwenye shamba, Bibi Mwanaima, wakamenya mihogo jikoni, akamuuliza taratibu. Bibi akacheka kwa aibu. Alfajiri alikuwa akiipulizia mwenyewe ile safu iliyoachwa. Mikorosho aliipanda marehemu mumewe. Angeiachaje iugue na dawa imo ndani?

"Kwa hiyo utafiti wenu uliharibika," Dokta Josephina akasema.

"Wote. Nikamwambia bosi, akafoka, tukautupa. Msimu uliofuata tukaanza upya, na safari hii bibi tulimweleza kwanza. Dawa ikaonekana inafanya kazi."

"Na kama ungenyamaza?"

"Bosi angenisifu kwa kumaliza kazi, na wakulima wangekosa dawa inayofanya kazi. Dokta, hata mgonjwa atakunywa dawa ya jirani, aje akuambie hajanywa kitu. Kumuuliza mtu mpaka akuambie ukweli nimejifunzia shambani. Silifichi hilo ili niwapendeze. Mkinikataa, mwakani nakuja tena, na mikorosho yangu."

Akasimama aondoke.

"Kaa chini," Dokta Josephina akasema.

"Nimemaliza, Dokta."

"Mimi sijamaliza. Wote waliokutangulia leo walijitolea zahanati, na eti hakuna hata mmoja aliyewahi kukosea. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia jambo lililokuharibikia." Akawatazama wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa. "Ufadhili tunakupa wewe."

Hafidha machozi yakamlenga, ila hasira ilikuwa bado haijamtoka. Akamgeukia karani aliyekuwa akiandika mwisho wa meza.

"Na mikorosho uiandike," akasema.