Nusu Kubwa

Kwetu kwenye vilima vya Shillong, popoo ikigawiwa, mkubwa ndiye anayeshika kisu. Kwa hiyo tangu nina miaka minane na mdogo wangu Ridahun ana mitano, kisu kilikuwa changu. Napasua popoo katikati, au karibu na katikati, nampa yeye nusu ndogo, mimi nabaki na nusu kubwa. Mama aliona, akaniacha. Alijua nyumba ingekuwa ya Ridahun, maana kwetu nyumba hurithiwa na binti wa mwisho, pamoja na shamba la michungwa, pamoja na kumtunza mama na sifa zote za kumtunza mama. Mimi niliyetangulia kuzaliwa nilijilipa kwa popoo. Nikaifunga kwenye jani la tambuu, nikapaka chokaa, nikatafuna kwa miaka arobaini na mitatu bila kuruka siku.

Saratani ilinitokea shavu la kushoto. Walinikata kule Guwahati, wakanichoma kwa mionzi wiki sita, nikarudi Shillong na mdomo unaofunguka kiasi cha vidole viwili. Wali wangu ukawa uji. Kanisani nafasi yangu ya sauti ya kwanza kwenye kwaya akapewa Ridahun, ambaye hana sauti, ana mdomo tu. Jumapili nilikaa benchi la nyuma nikimtazama akiufungua mpaka unaona kimeo, nikasema Mungu nisamehe, lakini ningeweza kumrushia kitabu cha tenzi.

Kuugua nilikuzoea. Yeye kutougua ndiko kulikonishinda. Mpopoo ulikuwa mmoja, kisu kimoja, chokaa kopo moja. Tulitafuna pamoja harusini, matangani, sokoni kwenye meza yangu ya samaki wakavu, na kila mgeni aliyevuka kizingiti alipewa naye akatafuna. Halafu ugonjwa ukaingia, ukatazama huku na huku, ukachagua mdomo wangu.

Baada ya upasuaji Ridahun aliacha kutafuna mbele yangu. Alikuwa anakwenda nyuma ya banda la kuku. Mimi chumba changu ni kile cha kando ya jiko, na dirisha linaangalia banda, kwa hiyo nililiona taya lake likienda na kurudi, likienda na kurudi, zima kabisa. Akirudi amesukutua, midomo bado myekundu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kuangalia mayai, dada."

"Kuku wako siku hizi wanataga chokaa?"

Anacheka. Yeye ukimtukana anacheka, na hilo nalo lilinichoma.

Basi wiki ya Pasaka nilikunywa mchuzi wenye pilipili kidogo, ukaniwaka mahali fulani. Nikapeleka ulimi. Mahali pale pale, ndani ya kovu la zamani, palikuwa na kivimbe kama punje ya dengu. Sikuhitaji daktari. Nilikaa kitini na bakuli mkononi mpaka mchuzi ukaganda.

Sikumwambia mtu. Najua mtauliza kwa nini, na jibu si zuri. Mara ya kwanza nilipougua, watu walikuja na mayai na ndizi wakampa pole Ridahun. "Maskini mama wa watu, mzigo alionao!" Mgonjwa nilikuwa mimi, pole alichukua yeye. Nilikata shauri kwamba safari hii hapati hata kikombe.

Nikaenda kwa siri kwa Bah Skendro, mganga wa mitishamba wa upande wa Mairang. Ukishuka barabarani, kwake ni mwendo wa tambuu mbili, ndivyo wazee walivyopima njia, na mimi niliutembea huo mwendo mdomo mtupu. Alinisagia majani nikawa nabandika asubuhi na jioni. Maumivu yalipungua. Nikajiona mjanja. Mara ya tatu alimulika na taa ya simu, akaangalia kwa muda mrefu, akaizima.

"Kong, dada yangu, mimi naunga mifupa na kutuliza matumbo ya watoto," alisema. "Hiki si changu. Rudi kwa waliokikata."

"Mbona majani yako yananisaidia?"

"Hata tambuu ingekusaidia. Ganzi si dawa. Usiwe na haraka ya kwenda kutafuna kwa Mungu."

Ndivyo tunavyosema mtu akifa, kwamba anatafuna tambuu nyumbani kwa Mungu. Mama yangu yuko huko anatafuna. Nilikasirika, nikamwachia majani yake juu ya ngazi.

Ridahun aligundua alipokuwa anafua. Alikuja na foronya yenye damu, akaikunjua mbele yangu.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Dada! Wiki saba!"

"Kumbe unajua kuhesabu."

"Usinifanyie mzaha. Umekula nini wiki saba? Umemwonyesha nani?"

"Nimemwonyesha anayejua."

Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kumwona analia vizuri, kama anavyofanya kila kitu, lakini alikaa chini sakafuni na ile foronya mapajani, akachukua simu. Kwa siku mbili alipiga kwa kila mtu. Mwenye duka la dawa alisema nirudie mionzi. Binamu yetu alisema ikirudi mara ya pili waniache nipumzike. Mwalimu wa Jumapili alijua maji fulani yenye miujiza. Ridahun aliandika yote kwenye daftari la shule, akachora mistari, akaandika maswali ya kuuliza, na Jumatatu tukawa Guwahati, kwenye benchi la wagonjwa wa mdomo.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kiassam, Daktari Hazarika, mwenye Kihindi cha haraka. Alinipima shingo, akaangalia picha mpya, halafu akamgeukia Ridahun. Dakika ishirini alizungumza na mdomo unaofunguka.

"Pale palishachomwa mionzi," alisema. "Mionzi peke yake haitatosha tena. Tunakata kwa upana, shavu na sehemu ya taya la chini, tunaziba kwa nyama ya paja. Alhamisi tunakutana sote, wakataji na watu wa mionzi, tuamue kwa pamoja. Lakini asichelewe. Wiki saba zimeshakula kiasi."

"Akikubali, uwezekano wa kupona upo?" Ridahun alisoma kutoka daftarini.

"Upo. Akingoja, sitasema hivyo."

Wakaniwekea karatasi ya idhini. Nikasema nitafikiri. Nilikuwa nafikiria benchi la nyuma kanisani, nami nimekaa na nusu uso, na yeye mbele amefungua mdomo.

Nje ukumbini alijaribu kunichangamsha. Mzee mmoja alikuwa anabishana na mlinzi kuhusu kuku hai aliyemletea daktari, na kuku akamponyoka, akapita chini ya mabenchi. Ridahun akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi kabisa chini ya taa nyeupe. Nikaona. Nyuma ya gego la mwisho, kushoto, baka jeupe kama ukoko wa maziwa, na pembeni yake wekundu. Mimi nililiona baka kama hilo kwenye kioo changu mwaka mmoja kabla ya kila kitu.

Nilifurahi. Naliandika neno hilo kama lilivyo, sina jingine. Moyo uliruka kama wa mtu aliyepata kitu alichopoteza zamani. Hatimaye tuko sawa, nikawaza. Hatimaye naye.

Nikanyamaza. Jumanne nilinyamaza. Nilimtazama akila roti kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, akitafuna upande wa kulia tu, bila kujua kwa nini. Jumatano alitoka kidogo "kupunga hewa", akarudi na midomo myekundu, nami badala ya kumkejeli nilimwambia, "Pumzika, mdogo wangu." Alishangaa kwa upole huo. Mimi nilikuwa nimekalia siri yangu kama kuku anayeatamia. Nyumba ilikuwa yake, shamba lake, sauti ya kwanza yake. Hili peke yake, kulijua, lilikuwa langu.

Alhamisi madaktari walikutana, wakakubaliana na Daktari Hazarika. Upasuaji ungekuwa Jumatatu, kama nitatia sahihi. Tulikaa nje ya mlango wake, karatasi magotini pangu.

"Nimeshapanga," Ridahun alisema. "Nakaa na wewe hapa mpaka waseme basi, halafu nakulisha nyumbani mpaka Oktoba. Chumba changu utakichukua wewe, kina jua. Mimi nitalala kile cha jikoni."

"Na mambo yako?"

"Mambo gani? Kuku watalishwa. Kuna gego la nyuma linanisumbua kidogo, lakini nalo litangoja Oktoba."

Oktoba. Nilihesabu kwa vidole, kama mjinga, chini ya shali. Miezi mitano. Nilijua punje ya dengu inakuwa nini kwa wiki saba. Kwa miezi mitano sikuhitaji kuuliza. Na angengoja kwa ajili yangu, huku ananilisha uji kwa kijiko, na mimi nikimeza na kunyamaza.

Wivu ulikuwepo bado, haukwenda popote. Uliniambia, ngoja kidogo tu, usimwambie leo, mwambie baada ya upasuaji. Mkono wangu ndio uliotangulia.

"Fungua mdomo."

"Nini?"

"Fungua, nimesema! Mimi ndiye mkubwa."

Akafungua. Nikaingiza kidole nyuma ya gego, nikaugusa ule ukoko. Aliruka.

"Hapa," nikasema. "Usiling'oe jino. Jino halina kosa. Mwonyeshe daktari leo, sasa hivi, kabla hajaondoka."

Aliupitisha ulimi pale. Niliona uso wake ukibadilika, kwa sababu wangu nao uliwahi kubadilika hivyo hivyo, nimeshika bakuli la mchuzi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Umelijua lini?"

Ningeweza kudanganya.

"Jumatatu. Ulipomcheka yule kuku."

"Leo Alhamisi."

"Najua leo ni siku gani, Ridahun."

"Ulifurahi?"

Yeye tu, katika dunia nzima, ndiye angeuliza hivyo.

"Ndiyo," nikasema. "Sana. Siku tatu nimefurahi."

Alitazama mlango wa daktari, akatazama viatu vyake. Nilingoja anipige. Ningeona ni haki.

"La kwako ulilificha wiki saba," alisema mwishowe. "La kwangu siku tatu tu. Basi kumbe unanipenda kuliko unavyojipenda mwenyewe."

"Acha upuuzi."

"Tia sahihi."

"Ingia kwa daktari kwanza."

"Tia sahihi ndiyo niingie. Usipotia, narudi nyumbani kwa kuku wangu na baka langu, tukatafune kwa Mungu wote wawili, mama atupokee na ufagio."

Nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa haitoki wino, ikabidi niandike jina langu mara mbili. Akaingiza mkono ndani ya kiuno cha vazi lake, akatoa kifuko cha tambuu, cha nguo, kile alichoshonewa na mama, akakitupa kwenye pipa la taka bila kukifungua. Halafu akabisha mlango.

Daktari Hazarika alisema baka lile lilikuwa bado halijawa saratani, lakini lilikuwa njiani. Angelikata lote Jumatatu asubuhi, kwa ganzi tu, nusu saa. Hata ugonjwa alipewa wa kitinda mimba! Na hata mlango wa chumba cha upasuaji aliingia yeye kwanza, mimi nikiwa nje kwenye kitanda cha magurudumu, nikiona wivu mpaka waliponilaza usingizi.

Upasuaji wangu ulichukua saa kumi na moja. Nilipozinduka nilikuwa na mrija puani, mwingine kooni, paja linawaka, na upande wa kushoto wa uso ulikuwa wa mtu mwingine. Ridahun alikuwa amekaa pembeni, pamba imejaa shavuni, naye haruhusiwi kusema mpaka kesho. Mabubu wawili. Alinionyesha vidole viwili, akataka kunieleza kitu, akashindwa, akachukua lile daftari la maswali.

Pale hospitali, kinachokatwa hukabidhiwa ndugu wa mgonjwa akipeleke maabara, kwenye chupa. Wa kwangu alikuwa yeye. Wake vilevile alikuwa yeye, maana mimi nilikuwa nimelala. Alishuka ghorofa tatu, nyuzi mbichi mdomoni, chupa moja kila mkono, jina letu la ukoo limeandikwa kwenye zote mbili.

Aliandika polepole, akanigeuzia ukurasa.

*Nimezipeleka zote mbili. Yangu ndogo kama kidonge. Yako imejaa chupa. Umechukua tena nusu kubwa.*

Nilisoma mara mbili. Nikaomba kalamu kwa mkono. Herufi zangu zilikuwa kama za mtoto.

*Ulikuwa unajua?*

Akachukua kalamu.

*Tangu nina miaka mitano.*

Akaiweka chini, akavuta kitambaa, akaanza kunifuta mate yaliyokuwa yananitoka upande nisioweza kuuhisi.